Vifuniko Kumi na Matimba Matatu

Mwanangu Kabula,

Baba yako ndiye mtu mwenye akili kuliko wote waliowahi kuzaliwa kati ya Shinyanga mjini na Geita, na hilo halikusemwa na mlevi wala na bibi yako. Lilipimwa. Watu wa chuo kikuu walikuja na madaftari yao, wakatukalisha wachimbaji arobaini darasani, wakatupa vifuniko vya soda, na jua lilipozama mimi, niliyesoma darasa la saba nusu ndani na nusu dirishani, nilikuwa nimewashinda wote. Tangu siku hiyo naitwa Profesa. Wewe unakwenda Dodoma miaka mitatu kutafuta cheo ambacho baba yako alikipata kwa siku moja, tena na soda juu.

Cheka kwanza. Cheka sasa, maana huko mbele sina mengi ya kukuchekesha.

Naandika nikiwa nimekalia kiroba cha mawe hapa kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, nasubiri zamu yangu ya kusagiwa. Wewe na mama yako mmekwenda Kahama kununua godoro na ndoo. Vumbi linatua kwenye karatasi kuliko wino, kwa hiyo ukikuta herufi zimekwaruzika usiseme baba amezeeka. Nina miaka thelathini na tisa, nakubeba wewe na godoro lako mpaka stendi bila kupumzika. Mambo ya kufunga mlango, kutopokea soda ya mtu usiyemjua na kumaliza dozi ya malaria, mama yako ameyasema wiki nzima mpaka kuku wameyakariri. Siyarudii.

Nataka kusema juu ya mambo mawili uliyoyatamka juzi tukiwa tunakula. La kwanza, ulisema huko chuoni mtasoma jinsi watu wanavyocheza michezo ya kugawana, na kwamba vitabuni mtu mwenye akili hubana chake chote, haweki hata kimoja kwenye chungu cha wote. La pili, ulisema basi likifika Nzega utashuka, ulale kwa Zuhura usiku mmoja, na umwambie baba yake, Musa, kwamba umemsamehe kifo cha baba yako mdogo Shija. Ulilisema kwa upole. Mama yako akajibu, "Mungu akubariki, mwanangu." Mimi nikasema ugali umekuwa mgumu, nikanawa mikono.

Ugali haukuwa mgumu.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako jioni. Usipande basi kabla hujaimaliza.

Ulikuwa darasa la sita. Walikuja vijana watatu na dada mmoja mwenye miwani, ndiye mkubwa wao, wakaomba shule Jumamosi na Jumapili. Walitaka wachimbaji arobaini. Mwanzo tulidhani ni watu wa chanjo, nusu ya kijiji ikaingia kwenye mahindi. Ikasikika kuna pesa, wakatoka na shemeji zao.

Walikuwa wametundika khanga kwenye kamba, kila mtu akaketi kwenye kibanda chake cha kitambaa asimwone jirani. Ukapewa namba. Mimi nilikuwa namba tatu. Ukaambiwa mko wanne kundini, ila hutajua wenzako ni nani. Kila mmoja ana vifuniko kumi, na kila kifuniko jioni kinageuka shilingi. Linapita kopo lililofunikwa kitambaa. Weka humo idadi unayotaka, hata usiweke, hakuna anayeona. Watakachokuta koponi wanakizidisha mara mbili, kisha wanakigawa sawasawa kwa wote wanne, aliyeweka na asiyeweka.

Dada alieleza mara tatu. Mzee mmoja akauliza, "Sasa binti, hii ni sadaka au ni kamari?"

"Vyovyote utakavyoona, baba," dada akamjibu. Mzee hakuridhika.

Mimi nilielewa mara ya kwanza. Nikiweka kimoja kinakuwa viwili, viwili vinagawiwa wanne, mimi narudishiwa nusu. Nikikibana mkononi ninacho kizima. Nani atauza kizima kwa nusu? Nikaingiza mkono mtupu koponi, nikalitikisa lilie, nikalipitisha. Wenzangu watatu raundi ile waliweka vifuniko ishirini na vinne, waja wema wa Mungu. Vikawa arobaini na vinane, kila mtu kumi na viwili. Ukijumlisha na kumi vyangu nilivyobana, nilikuwa na ishirini na viwili. Nikasikia joto tumboni, kama mtu aliyeona chembe ya dhahabu inamkonyeza chini ya karai.

Raundi ya pili kopo likashuka. Ya tatu likashuka tena. Wenzangu hawakuwa wamegeuka wabaya, mama. Kitabu chako kinamjua mtu kama mimi, lakini wengi hawako hivyo. Wengi huweka nusu kwanza, halafu wanasikiliza. Wakinusa kwamba kuna mtu anakula bila kuweka, mkono unakuwa mzito. Kufika raundi ya nane kopo lilipita jepesi kama kibuyu kikavu, na mimi bado nilikuwa juu yao. Jioni bahasha yangu ilikuwa nene kuliko ya mtu yeyote mle darasani. Niliibusu mbele ya watu. Hapo ndipo uprofesa ulipoanza, na ule mkoba wako wa shule wenye ua jekundu ulitoka humo.

Kabla ya kufunga walileta mchezo mmoja mfupi. Wewe unapewa vifuniko kumi, unampangia mtu usiyemjua utampa vingapi. Akikubali, mnagawana hivyo. Akikataa, wote mnakosa. Nikampa viwili. Nilijiuliza, viwili si bora kuliko hewa? Kikarudi kikaratasi: amekataa. Njiani tukiwa tunarudi nyumbani, Mzee Luhende alikuwa anatukana miti.

"Kuna mbwa mmoja kaniletea viwili," akasema. "Viwili! Mimi nimeanza kuchimba yeye hajaota meno. Nimevirudisha. Afe navyo."

"Lakini na wewe mzee umekosa," Musa akamwambia.

"Nimekosa vifuniko. Yeye kakosa na adabu."

Nikacheka pamoja nao. "Mbwa kweli huyo," nikasema.

Hao ndio watu wa duara letu, kama tunavyoita shimo na wanaolichimba. Tulikuwa wanne. Mzee Luhende, aliyejua mwamba kuliko alivyojua wake zake. Musa, Muha wa Kigoma, mpole, aliyesali sala zake tano hata tukiwa na matope mpaka masikioni, na mkewe alikaanga maandazi pale njia panda. Mimi. Na Shija, ambaye nimechunga naye ng'ombe wa babu yako kule Kishapu tangu tukiwa na kaptula moja kwa watu wawili, ndiye aliyekufundisha baiskeli mimi nikiwa naogopa utavunjika.

Jumapili wakabadilisha sheria. Sasa kila raundi ikiisha, ubao ulionyesha namba ipi imeweka vingapi. Majina hapana. Na ukitaka, unatoa kifuniko chako kimoja, kinatupwa, na yule unayemchagua anapokonywa vitatu. Wewe hupati kitu. Unalipa ili mwenzako aumie, basi.

Nikacheka nyuma ya khanga yangu. Nani mwendawazimu wa kulipa?

Namba moja alilipa. Raundi ya kwanza tu alitupa vifuniko viwili, mimi nikapokonywa sita. Raundi ya pili akarudia. Na huyo namba moja ndiye aliyekuwa anaweka vyote kumi kila mara, hana hata akiba, analipa kwa mgao anaorudishiwa. Unajua nilifanya nini? Nililipa changu nikampokonya na yeye. Hakuwa amenikosea. Kosa lake lilikuwa kuweka kumi karibu na sifuri yangu. Dada mwenye miwani alipita, akaangalia karatasi yangu, akaandika kitu, akaenda. Nimejiuliza miaka yote aliandika nini.

Raundi ya nne nikaweka viwili. Ya tano vitano. Mwisho naweka vinane kama mtu aliyeokoka, na kopo likajaa, na kila mtu akapata kuliko Jumamosi. Nilitoka na pesa nzuri na uso umenuna.

Njiani Shija akabaki nyuma nami, wengine wametangulia hatua chache.

"Leo nimetumia vifuniko vyangu vibaya," akasema. "Kuna namba tatu mmoja nimemchapa mpaka kanyooka."

"Unamjua?"

"Nitamjuaje, na makhanga yale?" Akatembea kidogo. Akaniangalia miguuni. "Ila Profesa, siku nyingine vaa kandambili za rangi moja. Khanga hazikufika chini."

Ya kushoto ilikuwa bluu, ya kulia nyekundu. Nilitaka ardhi inimeze, na mimi ni mtu ninayeingia ardhini kila siku. Yeye akacheka mpaka akakohoa, akanipiga bega, akaita mbele, "Jamani tungojeni, Profesa kachoka na hesabu!" Hakumwambia mtu. Si Luhende, si Musa, si mkewe. Alinilipia adhabu kwa vifuniko vyake mwenyewe, kisha akakaa kimya.

Mchezo wa kopo, Kabula, tulikuwa nao shimoni kwetu kabla dada yule hajazaliwa. Unaitwa zamu ya matimba.

Matimba unayaona kila siku, ile miti tunayosimamisha chini kuzuia mwamba usitufunike. Kwetu ilikuwa hivi: miti tunanunua pamoja kwa mwenye baiskeli atokaye Ushetu, tunairundika mdomoni mwa shimo. Kila wiki mmoja ana zamu. Siku za zamu yako unatangulia kushuka peke yako, unapita njia yote ya chini, unagonga kila timba kwa nyundo. Timba zima linaimba. Lililooza linajibu bufu, kama unagonga gunia. Linalojibu vibaya unalitoa, unasimamisha jipya. Halafu unapanda, unawaambia wenzako, "Yanaimba," nao wanashuka. Hakuna anayekufuata kuhakikisha. Kazi ya mtu mmoja, gizani, kwa vichwa vya watu wanne.

Miaka tulikwenda hivyo. Mzee Luhende alikuwa anakaa chini nusu siku kwenye zamu yake, anagonga kama anabisha hodi kwa mkwe. Musa alikuwa anagonga kila moja mara mbili. Shija alikuwa anayaimbia. Mimi nilikuwa mwepesi. Nilikuwa napanda nimekwisha kabla chai haijapoa, na nikawatania: "Nyie mnagonga, mimi nasikia kwa pua."

Mwaka uliofaulu kwenda sekondari nilikuwa na majivuno yasiyo na mfano. Nilitembea kijiji kizima nikisema wa kwangu kafaulu. Wewe na Zuhura, wawili tu kutoka darasa lenu mliopangwa shule ile. Nikasema binti yangu hatasomea jikoni na mbuzi. Nikakujengea chumba kwa siku nne, watu wakaja kukiangalia. Uliruka ruka juu ya kitanda, ukagusa paa.

Jumatatu iliyofuata shimo lilianguka.

Jumapili zamu yangu ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimewaambia wenzangu, "Kule mwisho nimebadilisha matatu, mapya kabisa." Jumatatu zamu ikawa ya Musa. Alishuka alfajiri, akagonga, akapanda, wakashuka watatu wao. Mimi nilibaki juu kwenye winchi kwa sababu kiuno kilikuwa kinauma. Saa nne hivi kamba ya winchi ilitetemeka mkononi mwangu, halafu shimo likatoa pumzi. Vumbi lilitoka mdomoni taratibu. Sikusikia kelele ya mtu hata mmoja.

Luhende alikuwa katikati ya njia, akatoka kwa magoti. Musa alikuwa nyuma yake. Shija alikuwa mwisho kabisa, kwenye mwamba, na moko, patasi ya mwamba, na nyundo yake. Musa hakupanda. Alirudi kulekule, akachimba kwa mikono mpaka saa kumi. Alipomtoa hakuwa na kucha kwenye vidole vitatu, na alikuwa anamsemesha Shija bado, anamwambia, "Tumefika ndugu yangu, tumefika." Shija alikuwa amekufa tangu asubuhi. Mdomo wake ulikuwa umejaa udongo. Nilimsafisha mimi.

Tulimzika. Mkewe akarudi kwao Ushetu na watoto wawili. Siku ya saba kukaitwa mkutano, sungusungu wakazunguka na mishale yao, kamanda wao akauliza swali moja tu: zamu ilikuwa ya nani?

Musa akasimama. Vidole vilikuwa vimefungwa vitambaa. "Ilikuwa yangu," akasema. "Niligonga. Wallahi niligonga yote. Yale matatu ya mwisho yalinijibu vibaya. Nikapanda, nikamwambia Baba Kabula. Akaniambia ni mapya, mti mbichi hulia hivyo. Nikamwamini, kwa kuwa aliyeyaweka ni yeye."

Watu wote wakanigeukia.

Na mimi, Kabula, mdomo huu unaoujua, nikatabasamu. Nikasema, "Musa, ndugu yangu, huzuni imekuchanganya. Asubuhi ile tulisalimiana tu. Na mtu aliyechimba miaka kumi, asubiri Profesa amwambie mti umeoza?" Watu wengine wakacheka. Walikuwa wamelia wiki nzima, walihitaji kucheka. Luhende hakucheka. Alinitazama muda mrefu, akatazama chini. Hakuwa na ushahidi. Mzee yule amekufa mwaka juzi na hakuwahi kunywa chai kwangu tena, wewe ulidhani ni tumbo lake.

Kamanda akauliza nani anaunga mkono Musa atengwe. Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wangu.

Unajua kutengwa, uliishi ndani yake. Asisalimiwe. Asipewe moto. Mkewe akija kisimani wengine waondoke. Asiuziwe hata chumvi, na atakayesema naye atoe mbuzi. Kitabu chako kikuambie mtu hulipa ili kumwadhibu mwenzake hata kama yeye hapati kitu, nami nitakuambia nimeona kijiji kizima kikilipa. Mama yako aliyapenda maandazi ya Mama Zuhura kuliko anavyonipenda mimi. Aliacha siku ileile. Mwenye duka alikuwa na mteja asiyekopa, akamfungia dirisha. Mwenye nyumba alikosa kodi. Kila mtu alitupa kifuniko chake, hakuna aliyeuliza bei. Na walikuwa watu wema, hilo ndilo linaloniamsha. Walikuwa wanampenda Shija. Ni watu wema ndio wanaolipa hivyo. Mtu kama mimi asingetoa hata kimoja, na mimi ndiye niliyewaonyesha wa kumpiga.

Halafu kuna siku ulirudi kutoka shule ukiwa umevimba macho. Ulikuwa unakaa dawati moja na Zuhura.

"Baba, Zuhura amefanya nini?"

"Hajafanya kitu."

"Sasa kwa nini nisiongee naye?"

"Kwa sababu mbuzi tuliye naye ni mmoja," nikakujibu. Nilikufanyia mzaha. Ukahamia dawati la nyuma. Wiki tatu baadaye waliondoka na mizigo kwenye mkokoteni, mchana, watu wakiwa wamekaa vibarazani, hakuna aliyewaambia kwaheri. Zuhura alipita mbele ya nyumba yetu. Ulikuwa kwenye chumba chako kipya, umefunga dirisha, kwa amri yangu. Nilikusikia ukilia nikapandisha redio.

Nilitaka kuishia hapa kwa leo. Mwenye karasha kaniita mara mbili, nimempisha mtu wa nyuma yangu. Ananiuliza, "Profesa, unaandika wosia?" Nikamwambia naandika barua ya posa. Nimetania watu miaka sita, mwanangu. Nimegundua mtu anayechekesha haulizwi.

Sasa nisikilize. Zuhura amekupata kwenye simu, mnaandikiana, amekwambia anashona nguo pale stendi ya Nzega na baba yake anauza mkaa. Na wewe, kwa moyo ambao sijui umeutoa wapi maana kwangu haukutoka, unataka kukaa kwenye mkeka wa Musa, unywe chai yake, umtazame usoni umwambie umemsamehe. Na ninamjua Musa. Hatakwambia kitu. Ataangalia vidole vyake, aseme, "Asante, mwanangu," kwa sababu wewe ni mtoto na mimi ni baba yako. Atakubeba na wewe pia. Hilo siwezi. Nimeyaweza mengi ya kuchukiza, hilo limenishinda.

Usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Nimewalipisha watu wengi vya kwangu, sitaki na wewe utoe. Mama yako hajui. Nitamwambia kesho basi likishaondoka, kisha nitakwenda kwa kamanda wa sungusungu nikiwa na miguu yangu. Watafanya watakachofanya. Kama watanitenga, na mama yako atatengwa nami, na ndiyo bei niliyoikimbia miaka sita. Nakuandikia ili nikishikwa na woga kesho asubuhi, na woga wangu unaujua sasa, awepo mtu mmoja zaidi ya Musa anayejua. Ukinipigia simu jioni ukakuta bado natania, ujue sijaenda.

Basi, ndiyo hii.

Kiuno hakikuwa kinauma.

Musa aliniambia. Alikuja mpaka kwenye winchi, jasho bado linamtoka, akasema, "Baba Kabula, matatu ya mwisho yanajibu bufu." Maneno niliyomjibu ni yaleyale aliyoyasema mkutanoni, neno kwa neno. Akanishukuru.

Wiki ile ya zamu yangu nilishuka siku moja tu. Niligonga matatu yale, nikasikia yameoza, nikapanda kuchukua mapya rundoni. Yalikuwa mazuri, yamenyooka, na mimi nilikuwa nimebakiza paa na sina mti. Nikajiambia Jumatano mwenye baiskeli anakuja kutoka Ushetu, nitanunua mengine, nitayarudisha, hakuna atakayejua. Mwamba umekaa pale tangu Mungu auumbe, hautakosa subira ya siku chache. Nikayafunga kwenye baiskeli nikafunika na kiroba. Kule chini nikapaka matope mabichi kwenye yale yaliyooza, yaonekane ya jana.

Yako juu ya kitanda chako, Kabula. Lile la kati ndilo ulilokuwa unaruka ulishike, na kuna mahali ulichora jina lako na la Zuhura kwa kalamu. Kesho kabla hujatoka, panda kitandani, uyagonge kwa kifundo cha kidole, moja moja, yote matatu.

Yanaimba.